Nusu Kilo ya Kalafati

Nyumba tuliyopangishwa Miembeni, mjini Bukoba, ilikuwa na bafu lenye vigae. Nalitaja hilo mwanzoni kama nilivyokuwa nikilitaja kwa kila mgeni wakati ule, kabla hata hajaketi. Nyumba yenyewe ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi, baadaye ikawa ya serikali, nasi tukapewa kwa kuwa nilikuwa mtu wa habari wilayani. Nilipiga picha za vijiji vya ujamaa, nikaandika taarifa za magazetini, na mabango niliyabandika mwenyewe kwa gundi ya unga wa muhogo. Vigae vilikuwa vyeupe, vimezungukwa na mstari mmoja wa bluu usawa wa kiuno. Wenzangu wengi walioga uani, nyuma ya ua wa matete. Mimi nilioga nikitazama mstari wa bluu.

Kati ya kigae na kigae kulikuwa na saruji nyeupe ya zamani, ambayo ilikuwa imeanza kudondoka vipande vipande. Chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu, ilikuwa imekwisha kutoka yote. Ukiingiza kisu, kinazama. Niliona. Mimi huona kila kitu, ndiyo kazi niliyofundishwa. Lakini sikufanya lolote, kwa kuwa maji yaliyoingia pale sikuyaona yakitokea mahali pengine.

Yalikuwa yakitokea chumba cha pili, nyuma ya kitanda cha wageni. Tulikuja kujua hivyo mama mkwe wangu alipofika kutoka Muleba.

Alikuja kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika zamani, na la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, hata alimwambia mke wangu kwamba anaona watu kama anavyoona migomba asubuhi yenye ukungu. Daktari wa macho alikuwa akija Bukoba kwa meli, mara moja moja, na hakuna aliyejua siku yake. Muuguzi alitueleza bila kuficha: mgonjwa akae mjini, daktari akitua aletwe siku hiyohiyo. Akirudi Muleba, kwa mvua zile na mabasi yale, daktari atakuja na kuondoka kabla habari haijamfikia, na jicho halitangoja safari nyingine.

Kumlaza kwangu hakukuwa jambo dogo. Kwa desturi yetu, mwanamume na mama wa mkewe hawakutani uso kwa uso hovyo. Tulisalimiana kwa mbali, yeye akiwa ameelekea upande mwingine, nami nikiwa nimeinama, na mazungumzo yetu yote yalipita kwa mke wangu, hata tulipokuwa tumetenganishwa na pazia tu. Jina langu hakulitaja kamwe. Mimi nilikuwa "mwenye nyumba". Alikubali kulala chini ya paa langu kwa sababu ya jicho tu, na kwa masharti: chakula chake kiletwe chumbani, naye aoge uani kwenye beseni, si kwenye vigae vyangu. Hilo la mwisho liliniuma kidogo.

Asubuhi ya pili nilisikia akimwita binti yake. Walisema Kihaya, na ukuta, kama itakavyodhihirika, haukuzuia kitu.

"Huyu mwenye nyumba ameoga sasa hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Ameoga kwa sabuni ya mbuni?"

Sabuni yangu ilikuwa ya rangi ya kahawia, kama buni iliyokaangwa, na sijui nani alianza kuiita hivyo.

"Njoo uguse hapa."

Nyuma ya kitanda ukuta ulikuwa umelowa, chokaa imevimba, na harufu ya sabuni yangu ilikuwa pale. Mama asiyeona vizuri aligundua kwa kiganja na pua jambo ambalo mimi, mwenye macho mawili na kamera ya serikali, sikuwa nimeliona kwa mwaka mzima.

"Siwezi," alisema. "Maji ya mwili wa mkwe kunifuata kitandani? Sijawahi kusikia. Nitarudi kwangu."

Nilifikiri haraka, kama mtu wa mipango. Nikapendekeza niwe naoga kazini, kwenye bomba. Mke wangu alirudi na jibu: watoto nao wanaoga, yeye mwenyewe anaoga, na mama anauliza atajuaje maji ya nani ni ya nani. Nikapendekeza ahamie sebuleni. Lakini sebule ndiyo njia yangu ya kutokea nje. Angekutana nami asubuhi na jioni, na hilo lingekuwa baya kuliko maji.

"Basi zibeni ukuta wenu," alisema mama. "Ukikauka, nitakaa. Usipokauka, Jumamosi napanda basi."

Mafundi waashi wote niliowajua walikuwa wamepelekwa kujenga zahanati kwenye kijiji kipya. Saruji nyeupe hakuna aliyeiona madukani tangu siku nyingi. Nilipoanza kulalamika, mke wangu alitoka jikoni akiwa na gazeti mkononi. Lilikuwa na makala yangu. Humo, kwa herufi nene, niliwashauri wananchi wa mjini waache kungoja mafundi na wakarabati nyumba zao wenyewe kwa moyo wa kujitegemea.

"Ndugu mwandishi," alisema, "mwananchi wa mjini ni huyu hapa. Mshauri."

Nilimshauri. Nilichukua chokaa, nikaikoroga na ile gundi ya muhogo niliyoiamini kuliko kitu chochote serikalini, maana bango nililolibandika kwa gundi hiyo halikutoka mpaka siasa yenyewe ibadilike. Nikajaza maungio yote. Kazi ikapendeza! Mistari ilikuwa myeupe kuliko vigae. Nilimwita mke wangu, nikamwita jirani, nikawaita wenzangu wawili wa ofisini waje waone, nikawapitisha bafuni mmoja mmoja kama watu wanaokagua shamba la mfano.

Kesho yake sisimizi waligundua kwamba nilikuwa nimewapakulia. Walikuja kwa safu, wakapanda ukuta wakifuata maungio, wima na mlalo, kwa utaratibu ambao mimi sikuufikia. Kilichobaki nyuma yao kikaloa, kikachacha, kikanuka kama togwa iliyosahaulika. Maji yakapita kama kwanza, sasa yakiwa na harufu mbili.

"Mama anauliza," alisema mke wangu, "kama mwenye nyumba sasa anaogea uji."

Jirani yetu, yule niliyekuwa nimemwita aje kuona, alikuwa bibi mmoja wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Biharamulo, lakini aliongea Kiswahili kana kwamba amekileta asubuhi hiyo kwenye kikapu. Mimi nilijifunza Kiswahili shuleni, baada ya Kihaya, kwa fimbo na imla, na nilijivuna nacho. Alikuwa akinitania kila mara kwamba mimi ni Mswahili wa vitabu.

Alisimama mlangoni mwa bafu, akaziba pua kwa upande wa khanga.

"Mwanangu, hii haitaki uji. Hii inataka kalafati."

"Hasa," nilisema. "Kalafati. Nilikuwa nalifikiria hilohilo."

"Unalijua?"

"Bibi! Kalafati?" Nikacheka kidogo, kwa namna ya mtu aliyelala na kuamka na kalafati.

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Kamusi nilikuwa nayo, ilikuwa ofisini, kwenye rafu, umbali mfupi tu. Lakini mtu aliyekwisha kusema "hasa" anaona aibu kwenda kufungua kamusi, hata akiwa peke yake. Nikaamua kwa akili zangu kwamba ni aina ya unga wa kuzibia, kwa sababu jina lake lilifanana na vitu vinavyouzwa kwenye pakiti. Nikaenda dukani.

Duka la ushirika lilikuwa na majembe, viberiti, na mapipa matupu yaliyofagiliwa vizuri.

"Ndugu, naomba nusu kilo ya kalafati."

Muuzaji alitazama rafu ya juu, kisha ya chini. Naye alikuwa Mhaya kama mimi, mwenye shule kama yangu.

"Kalafati imekwisha, ndugu. Jana tu."

"Itafika lini?"

"Tunategemea meli."

Mama mmoja nyuma yangu akasogea. "Ikifika na mimi uniwekee. Usinifanyie kama ule mchele."

Duka la pili waliniambia kwamba mgao wa sasa ni wa watumishi wa hospitali peke yao. La tatu muuzaji alininong'oneza kwamba ipo, ila si ya kuuziwa mtu mmojammoja, nirudi na barua ya balozi wa nyumba kumi. Mimi, mwenye sikio la habari, nilisikia yote hayo na sikushuku kitu. Niliona mambo yanalingana: bidhaa imekwisha, inategemewa, ina upendeleo ndani yake. Ndivyo kila bidhaa ilivyokuwa.

Nilipotoka duka la mwisho na kurudi kwenye lile la kwanza, nilikuta foleni imefika barabarani.

"Mnangoja nini?" niliuliza.

"Wanasema kalafati imeingia."

"Ni kweli?"

"Yule mama pale mbele amehakikishiwa."

Mmoja alikuwa ameshika chupa, mwingine kikapu, na mzee mmoja alikuwa na vyote viwili, maana hakuwa na uhakika kama inamiminwa au inapimwa. Nikasimama mwisho. Nilisimama pale muda mrefu, na mbele yangu wakabishana kama ya mwaka jana ilikuwa na rangi nzuri kuliko ya sasa.

Duka lilipofungwa bila kitu, nilikuwa na hasira ya haki. Nikaenda posta, nikaomba simu ya Dar es Salaam, nikamsomea ndugu wa chumba cha habari taarifa niliyoitunga nikiwa kwenye foleni: wananchi wa Bukoba walalamikia uhaba wa kalafati, waomba wahusika wachukue hatua. Ndugu huyo alikuwa mtu wa Tanga.

"Rudia, ndugu. Wamepanga foleni ya nini?"

"Kalafati."

"Foleni ndefu?"

"Imefika barabarani."

"Na wote hao wana majahazi?"

Ndipo nilipofundishwa, kwa simu ya mbali, kwa sauti ya kupiga kelele, na msichana wa kuunganisha simu akisikiliza, maana nilimsikia akikoroma kwa kicheko. Kalafati ni pamba au nyuzi zinazosokomezwa kati ya mbao za chombo ili maji yasiingie. Haiuzwi kwa kilo. Na hata ingeuzwa, aliniuliza yule ndugu, wananchi wa Bukoba wangeila na nini?

Taarifa haikutoka. Nilimwomba kwa jina la udugu wetu.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Ulikuwa umewekwa mlangoni pa chumba, umefungwa kwa kamba ya mgomba, ili niuone. Ilikuwa Alhamisi. Mke wangu hakunitania. Alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi, na machozi yalikuwa yakimdondoka, na ndizi hazitoi machozi kama vitunguu.

"Akienda hatarudi," alisema. "Unamjua. Atasema Mungu ametaka."

Nilishuka ziwani siku hiyohiyo. Kuna fundi aliyekuwa akitengeneza mitumbwi ya mbao karibu na bandari. Nilimkuta akikazia uzi wa pamba kwenye mtumbwi uliolala ubavu, anausokomeza kwa patasi butu na nyundo, kisha anapaka puti juu, ile ya kushikilia vioo vya madirisha. Kilikuwa kile kitu chenyewe.

"Hiyo ndiyo kalafati?" nilimwuliza.

"Ndiyo nini?"

"Kalafati. Hiyo kazi unayoifanya."

"Sisi tunaziba tu," alisema, wala hakuinua kichwa.

Nilipata faraja isiyo na maana yoyote. Akanipa fundo la nyuzi na puti kwenye jani la mgomba, akaniambia nisiisifu sana, maana mtumbwi wake mwenyewe unavuja.

Nilianza kwa kuchokonoa maungio yote kwa waya wa mwavuli uliovunjika, nikatoa chokaa, uji na sisimizi. Nikaingiza jiko la mkaa bafuni, mke wangu akapeleka jingine nyuma ya kitanda cha wageni, tukayaacha yakaushe ukuta. Kisha nikasokota nyuzi, nikazipaka mafuta, nikazisukuma chini pale ukuta unapokutana na sakafu, kwa mgongo wa kisu, mpaka zikagoma. Puti niliikanda mpaka ikawa laini kama donge la chapati.

Hapo kasumba yangu ya unadhifu ikanirudia. Nilitaka mistari iwe imenyooka, isisambae kwenye vigae. Nikakata gazeti vipande virefu, nikavibandika juu na chini ya kila ungio kwa gundi ya muhogo, ili puti itakayomwagika iangukie kwenye karatasi. Gazeti lililokuwa karibu ndilo lile alilonionyesha mke wangu. Nikajaza puti katikati, nikalowesha kidole gumba kwa maji ya sabuni, nikakipitisha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuinua. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi: kidole kisiinuke. Kwenye ukuta mrefu sikuinua. Pale pembeni, mkabala na mlango, goti lilinikataa, nikainua.

Karatasi za juu zilitoka vizuri. Za chini, karibu na mlango, hazikutoka. Gundi yangu ilikuwa gundi ya mabango.

Puti haikaushwi kwa haraka, kwa hiyo tuliliacha bafu. Watoto waliogeshwa kwa bibi jirani, nami nikaenda ziwani alfajiri na kipande changu cha sabuni. Bibi alinikuta narudi nikitetemeka.

"Bwana vigae! Leo umeoga na sato wenzio?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia mjini kumeadimika kalafati. Na mimi nilitaka robo."

Ijumaa jioni tukafanya jaribio. Mama alisema hatakubali neno la mtu. Ataweka kiganja chake mwenyewe ukutani. Alikaa upande wake kitandani. Mimi nilikuwa bafuni na ndoo. Mke wangu alisimama koridoni, akipokea na kupeleka.

Nikamwaga ndoo ya kwanza.

"Anasema bado."

"Bado nini? Bado haijalowa, au bado hajaridhika?"

"Bado. Mwaga."

Nikamwaga tena, sasa kwa kopo, nikifuata ukuta, ungio kwa ungio.

"Anauliza mbona mwenye nyumba anamwaga kama anamwagilia mchicha. Anasema mtu mzima anaoga kwa kelele."

Nikamwaga kwa kelele. Nikamwaga mpaka suruali ikanata miguuni na mtungi wa nje ukaisha. Nilisubiri na kopo mkononi, nikitazama mstari wangu wa puti kana kwamba macho yangu yangeusaidia. Nilitamani aseme neno lolote, hata la kuniumbua. Upande wa pili nikasikia kitanda kikilia, mama akiinuka, na kiganja kikipita ukutani taratibu, shhh, toka juu mpaka chini, na kurudi.

"Pakavu," alisema.

Mke wangu hakuniletea ujumbe huo. Alikimbilia chumbani kwanza. Nilipopita koridoni, mzigo haukuwepo mlangoni tena, na kamba ya mgomba ilikuwa imetupwa chini.

Daktari alikuja na meli wiki ile iliyofuata. Sikuwepo, nilikuwa nimepelekwa kupiga picha za mavuno ya kijiji. Niliporudi mama alikuwa hospitalini amefungwa bandeji, na tukangoja. Alipofunguliwa alipewa miwani mizito kama vitako vya chupa, akarudi nyumbani akiwa ameshikwa mkono kwa mazoea tu, maana mke wangu alisema njia nzima yeye ndiye aliyekuwa akionyeshwa mashimo.

Kabla ya kurudi Muleba alisema anataka kuona hicho kitu kilichotaka kumrudisha nyumbani. Nikajibanza nyuma ya mlango wa sebule, kama desturi inavyotaka, nikisikiliza, kama kazi yangu inavyotaka.

Alisimama mlangoni mwa bafu. Hakuingia. Kisha nikamsikia akisoma. Alifundishwa kusoma misheni, kwa ajili ya katekisimu, na alisoma vilevile, kwa kukata maneno, kwa sauti ya kanisani.

"Wa-na-nchi wa-na-shau-ri-wa…" Akasita. "Hii ni nini, mmebandika gazeti chooni?"

"Si chooni mama, ni bafuni. Lilikataa kutoka."

"…ku-ka-ra-ba-ti nyu-mba zao we-nye-we, kwa mo-yo wa ku-ji-te-ge…" Akasita tena. "Hapa pamechanika."

Mke wangu alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, nilimsikia akivuta pua.

"Mama, unayaona maandishi hayo? Ni madogo hivyo?"

"Nayaona. Na mwambie mwenye nyumba mstari wake wa pale pembeni, mkabala na mlango, umepinda. Umepanda juu kama njia ya mbuzi."

"Mwambie ni kweli, waitu," nilisema, kwa neno letu la heshima, kutoka nyuma ya mlango, kabla ujumbe haujanifikia.

Walipokwisha kwenda kupanda basi niliingia kuangalia. Pale mlangoni sikuona kitu. Mstari ulikuwa umenyooka, mweupe, safi. Ilinibidi niingie ndani, nipige magoti na kusogeza uso karibu na kigae, ndipo nikaona mahali kidole kilipoinuka.